Barua ya wazi: Uondoeni mzani mbele ya darasa

Waheshimiwa mawaziri wenye dhamana ya elimu na afya, wakuu wa shule, na nyinyi mnaoendesha mitandao ya kijamii wanakoshinda watoto wetu,

Nawaandikia kama mwalimu wa ushauri nasaha. Kazi yangu ni kukaa faragha na mtoto na kumsikiliza mpaka aseme lile alilolificha. Katika chumba hicho nimesikia mengi: mitihani, mapenzi, wazazi waliotengana, ada isiyolipwa. Lakini lipo jambo moja ambalo haliingii kwa jina lake. Msichana anasema tumbo linamuuma kila siku ya michezo. Mvulana anaomba asiketi na wenzake wakati wa kula. Mwingine ameacha kunyoosha mkono darasani, na zamani alikuwa wa kwanza kusimama. Ukiwavumilia wanaponyamaza, mwishowe hutoka sentensi moja, karibu ileile kila mara: "Mwalimu, sipendi nilivyo."

Sentensi hiyo naijua kwa sababu mimi pia niliwahi kuibeba. Nilikuwa na miaka 11 siku tulipopimwa afya shuleni. Tulipangwa mstari, mzani ukawekwa mbele ya darasa, na kila aliyepanda namba yake ilisomwa kwa sauti ili iandikwe daftarini. Yangu ilipotajwa darasa lilicheka. Mwalimu alitabasamu, akaniambia nipunguze kula. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwa dhati kwamba ananisaidia, na imani hiyo ndiyo iliyonifanya niandike leo. Wengi wenu mnayo: kwamba mtoto akitahayarishwa kidogo kuhusu mwili wake, ataanza kuutunza. Watafiti wa saikolojia wameipima imani hiyo kwa miaka mingi na kuikuta haina ukweli. Hata hivyo bado inaendesha upimaji wa shuleni, ushauri wa zahanati na mabango ya kampeni za afya.

Wanaolichunguza jambo hili huliita taswira ya mwili. Daktari wa akili Paul Schilder aliieleza mwaka 1935 kuwa ni picha ya mwili wetu tunayoijenga akilini mwetu, yaani jinsi mwili unavyotuonekea sisi wenyewe. Naomba mlishike hilo neno "tunayoijenga". Picha hiyo hutengenezwa kwa maneno tuliyoambiwa, macho yaliyotutazama, sura tulizoonyeshwa na kumbukumbu tulizozihifadhi, na kwa sababu hiyo inaweza kwenda mbali sana na mwili wenyewe. Mwaka 1962 daktari Hilde Bruch aliandika kuhusu wagonjwa wa anoreksia, ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa, waliokuwa wamedhoofu hadi mifupa kuonekana, nao wakishikilia kwamba hawana tatizo lolote, miili yao iko sawa. Kumwambia mtu wa namna hiyo "jitazame kwenye kioo" hakumsaidii. Ameshajitazama mara nyingi kuliko sisi sote.

Sasa niwaeleze kuhusu aibu, maana hapa ndipo ninapotaka mkae nami kwa muda.

Nchini Marekani, wasichana zaidi ya 2,000 walifuatiliwa tangu utotoni hadi ujana. Walipokuwa na miaka 10 waliulizwa kama kuna mtu aliyewahi kuwaambia kwamba wao ni wanene mno: baba, mama, ndugu, rafiki, mwalimu. Zaidi ya nusu walijibu ndiyo. Jeffrey Hunger na Janet Tomiyama walizichambua takwimu hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Wasichana walioitwa wanene wakiwa na miaka 10 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na unene uliokithiri walipofika miaka 19 kuliko wenzao ambao hawakuambiwa neno hilo. Mtasema, bila shaka hao walikuwa wanene tangu mwanzo. Watafiti nao waliliwaza hilo, wakauweka uzito wa mwanzo katika hesabu, pamoja na kipato cha familia na umri wa kuvunja ungo. Tofauti ilibaki. Wasichana wawili wenye mwili uleule wakiwa na miaka 10, mmoja kaambiwa na mmoja hakuambiwa, hawakufika mahali pamoja.

Kwa watu wazima hali haiko tofauti. Angelina Sutin na Antonio Terracciano walifuatilia Wamarekani zaidi ya 6,000 kati ya mwaka 2006 na 2010. Miongoni mwa wale ambao hawakuwa na unene uliokithiri mwanzoni, waliosema wamebaguliwa kwa sababu ya uzito walikuwa na uwezekano mara 2.5 zaidi wa kuufikia unene huo miaka minne baadaye.

Uchunguzi wa tatu ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu unaligusa moja kwa moja wazo la kwamba kutoridhika na mwili humsukuma kijana afanye mazoezi. Dianne Neumark-Sztainer na wenzake katika jimbo la Minnesota waliwafuatilia vijana zaidi ya 2,500 kwa miaka mitano. Vijana walioichukia miili yao hawakugeuka kuwa wanamichezo. Wasichana na wavulana pia, mazoezi yao yalipungua kuliko ya wenzao, na walizidi kujinyima chakula kwa njia za hatari na kula kwa pupa wasiweze kujizuia. Nilipousoma kwa mara ya kwanza niliona sura za wanafunzi wangu moja baada ya nyingine. Kwa nini mtu acheze mbele ya wenzake na mwili ambao ameshaambiwa ni kichekesho? Anayeuonea mwili wake haya huuficha, na mwili uliofichwa haukimbii uwanjani wala hauendi kwa daktari mapema.

Nakiri kwamba takwimu za namna hii zinaonyesha mambo yanayofuatana, na si kila linalofuata limesababishwa na lililotangulia. Ndiyo maana nimetaja zaidi ya uchunguzi mmoja. Ila na upande wenu naomba nionyeshwe ushahidi. Ni wapi imeonekana kwamba kumsomea mtoto uzito wake mbele ya darasa kulimpa afya?

Kiswahili chetu kina ghala la maneno haya. Bonge. Tipwatipwa. Kimbaumbau. Ng'onda. Tunayarusha kwa utani, na anayelia huambiwa hana moyo. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini juu ya miili ya watoto tunajikwaa ulimi kila asubuhi, tena kabla ya salamu kwisha: "Umenenepa wewe!" "Mbona umekonda, unaumwa?" Mwaka 1999 J. Kevin Thompson na wenzake waliweka pamoja nguvu tatu zinazoijenga taswira ya mwili: wazazi, wenzao wa rika na vyombo vya habari. Mbili kati ya hizo zina ulimi. Mama anayesimama mbele ya kioo akalaani mapaja yake anafundisha somo, hata kama binti yake amekaa pembeni anachora.

Hiyo nguvu ya tatu inaweza kubadilisha jamii nzima kwa muda mfupi mno. Anne Becker, daktari wa akili na mwanaanthropolojia, alifanya kazi Nadroga, nchini Fiji, ambako kwa vizazi mwili ulioshiba ulikuwa dalili ya kutunzwa na jamaa. Mwaka 1995 televisheni ilikuwa ndiyo kwanza imefika. Becker aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo, kisha akahoji kundi jingine la rika hilohilo mwaka 1998. Waliokuwa na alama za hatari katika dodoso la matatizo ya ulaji walikuwa asilimia 12.7, miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 29.2. Mwaka 1995 hakuna hata msichana mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Makundi yenyewe yalikuwa madogo, wasichana sitini na kitu kila moja, na mengine mengi yalikuwa yakibadilika Fiji wakati huo. Lakini wasichana hao walieleza kwa vinywa vyao kwamba walitaka kufanana na wahusika waliowaona kwenye skrini, kwa sababu wahusika hao walionekana kuwa na kazi, nguo nzuri na maisha. Si wembamba peke yake waliokuwa wakiutamani. Waliutazama kama tiketi.

Hata macho ya mtu mzima huhama anapohama yeye. Martin Tovée na wenzake mwaka 2006 waliwalinganisha Wazulu wa vijijini Afrika Kusini, Wazulu waliohamia Uingereza na Waingereza wenyewe. Wa vijijini walipendelea miili mikubwa zaidi. Waliohamia walikuwa kati ya makundi hayo mawili, na wengi wao hawakuwa na miaka miwili tangu wafike. Anayewaambia kwamba kigezo cha uzuri ni cha maumbile na hakina wa kukigusa, mwonyesheni watu hao.

Jaribio jingine liwahusu zaidi nyinyi wa elimu. Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts walieleza mwaka 1997 jinsi mtu anayetazamwa sana anavyojifunza kujitazama mwenyewe kwa jicho la mtazamaji, kana kwamba amesimama nje ya mwili wake akiukagua. Mwaka uliofuata Fredrickson na wenzake waliwaweka wanafunzi wa chuo kikuu, mmoja mmoja, katika chumba chenye kioo. Wengine walivaa sweta, wengine vazi la kuogelea. Hakuna aliyekuwa akiwaona. Wakapewa mtihani wa hisabati. Wanawake waliovaa vazi la kuogelea walipata alama za chini kuliko waliovaa sweta; kwa wanaume haikuwa hivyo. Mwaka 2004 watafiti wengine, wakiongozwa na Michelle Hebl, waliwapa wanaume chupi fupi za kuogelea zinazobana, na hapo wanaume nao walishuka. Fikirieni maana yake. Akili ya mtu ina nafasi yenye mpaka, na sehemu ikichukuliwa na kujikagua, hesabu inafanywa kwa kilichobaki. Sasa mwekeni msichana wa miaka 14 mbele ya darasa, anayehisi kila jicho liko kwenye kiuno chake, halafu mniulize kwa nini hanyooshi mkono.

Nimesema msichana, lakini wavulana wamesahaulika katika mipango yenu karibu yote. Harrison Pope na wenzake waliwapima wanaume 200 hivi wa Austria, Ufaransa na Marekani, wakachapisha mwaka 2000. Walipoulizwa mwili wanaoutamani, walichagua wenye takriban kilo 13 za misuli zaidi ya waliyokuwa nayo, na walidhani wanawake wanapenda kiasi hicho hicho au zaidi. Wanawake walipoulizwa walichagua mwili wa kawaida, usio na nyongeza hiyo. Miaka 15 kabla, April Fallon na Paul Rozin walikuwa wameona jambo kama hilo kwa wanawake: walidhani wanaume wanataka wembamba kuliko wanaume wenyewe walivyosema. Kwa hiyo kuna wavulana wanaomeza dawa za kukuza misuli na wasichana wanaoruka chakula kwa ajili ya kuwaridhisha watu ambao hawakuomba hivyo. Mvulana hatakuja ofisini kwangu kusema anachukia kifua chake. Atakuja kwa sababu amepigana.

Rangi ya ngozi nayo ni sehemu ya taswira ya mwili. Tangu Kenneth na Mamie Clark walipowaonyesha watoto weusi wa Marekani wanasesere weusi na weupe, miaka ya 1940, na wengi wakamchagua mweupe kuwa ndiye mzuri, tunajua kwamba kujidharau huanza kabla mtoto hajajua kusoma. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 uliwabana wanaotengeneza vipodozi vyenye zebaki, vikiwemo vya kuchubua ngozi. Wa afya, sheria hiyo mnayo mkononi. Isimamieni.

Nije kwenu wenye mitandao.

Septemba 2021 gazeti la Marekani la Wall Street Journal lilichapisha nyaraka za ndani za Facebook, kampuni inayomiliki pia Instagram, zilizotolewa na aliyekuwa mfanyakazi wake, Frances Haugen. Katika slaidi moja, watafiti wa kampuni yenyewe walikuwa wameandika kwamba Instagram inazidisha tatizo la taswira ya mwili kwa msichana mmoja kati ya watatu. Asilimia 32 ya wasichana wabalehe walisema kwamba wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, mtandao huo huwazidishia. Ni maelezo yao wenyewe, hayakuwa jaribio la maabara, na kampuni ilisema yametafsiriwa vibaya. Sawa. Basi takwimu hizo wapeni watafiti wa nje wazitafsiri vizuri. Leon Festinger alieleza tangu mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima kwa kujilinganisha na wenzake, na zamani wenzake walikuwa watu wa mtaa mmoja, wenye makovu na jasho. Leo mtoto anajilinganisha na sura zilizochujwa, zikachaguliwa na mashine kwa sababu ndizo zilizomfanya abaki akitazama jana.

Kuna uchunguzi wa Kanada uliotoka mwaka 2023. Vijana 220 wa miaka 17 hadi 25, waliokuwa na dalili za wasiwasi au sonona, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu waliambiwa wasizidishe dakika 60 za mitandao kwa siku kwa wiki tatu. Hawakuweza kabisa kufika hapo, wastani wao ulikuwa dakika 78, na bado jinsi walivyouona mwonekano na uzito wao ilikuwa bora kuliko mwanzo, wakati kundi la pili halikubadilika. Wiki tatu tu. Hilo linanipa matumaini, kwa sababu linaonyesha kidonda kinaanza kufunga mara tu kinapoacha kukwaruzwa.

Naomba msijifiche nyuma ya vibandiko. Ufaransa tangu Oktoba 2017 inalazimisha matangazo ya biashara yenye miili iliyorekebishwa kwa kompyuta yaandikwe hivyo, na Norwei ilifuata mwaka 2022. Nia ni njema. Lakini Marika Tiggemann na wenzake wa Australia wamevijaribu vibandiko hivyo tena na tena, na kwa sehemu kubwa havikupunguza madhara. Pengine hata vilivuta jicho likaukague zaidi mwili uliotajwa. Kujua kwamba picha ni ya uongo hakumzuii mtu kuitamani. Kibandiko ni rahisi kutungia sheria, ndiyo maana kinapendwa. Kigumu ni kuzima kile kinachomletea mtoto picha ya aina hiyo mia moja mfululizo baada ya kuitazama moja, na hicho ndicho ninachowaomba mkizime kwa kila akaunti ya mtoto, bila kumsubiri yeye akatafute kitufe.

Yapo yanayofaa, na hayana gharama kubwa. Eric Stice na wenzake walibuni mpango ambamo wasichana wanakutana mara chache katika kikundi, na wao wenyewe wanakipinga kwa maneno yao kigezo cha wembamba: wanaandika barua, wanaigiza, wanambishia mtu anayekitetea. Msingi wake ni kwamba mtu akilisema jambo hadharani kwa hiari yake, moyo huanza kulifuata ulimi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008, miaka mitatu baadaye hatari ya kupata matatizo ya ulaji ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 60 ikilinganishwa na wasichana waliojaza madodoso tu. Baadaye imeonekana kwamba hata wanafunzi wenzao waliofunzwa wanaweza kukiongoza kikundi, hakuna haja ya kumsubiri mtaalamu. Huko Uholanzi, Jessica Alleva aliwapa wanawake kazi ya kuandika, mara tatu, kuhusu yale ambayo miili yao inaweza kufanya: kuponya jeraha, kukumbatia, kucheza, kubeba. Walitoka wakiipenda zaidi. Zoezi hilo nimelileta ofisini kwangu. Mvulana mmoja aliandika kwamba mikono yake ndiyo inayomgeuza bibi yake kitandani. Alikisoma alichoandika mara mbili, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama anaweza kwenda na karatasi ile nyumbani.

Wa elimu, nipeni vipindi vinne katika mwaka na ruhusa ya kuwafunza wanafunzi viongozi. Walimu wa michezo wafundishwe kutotoa maoni juu ya umbo la mtoto, la kusifia wala la kukejeli, kwa maana hata sifa humfundisha kwamba anakaguliwa. Wa afya, kampeni zenu zitaje usingizi, mwendo na chakula, na ziache kuchora mtu mnene kama onyo.

Na mzani. Sisemi watoto wasipimwe. Uzito huonyesha utapiamlo, maradhi, ukuaji uliosimama, na daktari anauhitaji. Nasema kiwepo chumba, au pazia kama chumba hakuna. Apande mtoto mmoja, mpimaji aandike bila kutamka, na lolote la kusemwa liende kwa mzazi kwa siri, likisemwa na mtu aliyefundishwa namna ya kulisema. Waraka wa mistari mitatu unatosha kwa hayo yote. Upimaji ujao utakuwa wiki ya kwanza ya muhula, kama kila mwaka. Nauomba waraka huo ufike shuleni kabla ya wiki hiyo. Pazia nitalitundika mimi.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa ushauri nasaha